Kabla ya Mandela: kumwongoza mgeni kwenye kisiwa cha wenye ukoma
Hotuba kwa manahodha na waongoza wageni, Ngome ya Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Manahodha, mabaharia, waongoza wageni, na akina mama wa vikundi mnaoandaa safari za wanafunzi, karibuni Ngomeni.

Jengo hili tulimokaa lilianza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821, na mpaka 1984 lilikuwa gereza. Mgeni akiingia hapa hahitaji kuelezwa sana. Anaona unene wa kuta, anaona mlango mmoja tu, anainua macho anaona mahali pa mlinzi, basi amekwisha elewa. Mwongozaji akikosea tarehe, ukuta utamsitiri. Leo tunazungumzia mahali ambapo hakuna ukuta wa kukusitiri: watu walifungiwa pale bila kosa lolote, na majengo waliyofungiwa yaliondolewa. Hapo ndipo anapojulikana mwongozaji anayeijua kazi na yule anayepiga domo.

Mahali penyewe ni Robben Island, upande wa bahari wa Cape Town, Afrika Kusini. Mkisikia jina hilo nyote mnamkumbuka Mandela, na ni haki yake, maana alikaa pale miaka 18. Lakini gereza lile la kisiasa lilidumu kuanzia 1961 hadi 1991, miaka 30. Wenye ukoma walikaa pale kuanzia 1846 hadi 1931, miaka 85. Anayekwenda Robben Island akarudi na habari za chumba cha Mandela peke yake amesoma ukurasa wa mwisho wa kitabu. Kwa hiyo nyinyi mtakaofuatana na vikundi kwenda huko, na nyinyi manahodha mnaotaka kujua kazi hii inavyofanywa, maneno ya leo yanahusu zile kurasa za mbele.

Historia tutaipitia upesi. Mwaka 1817 serikali ya Cape iliwakusanya wenye ukoma bara, mahali panapoitwa Hemel-en-Aarde, karibu na Caledon. Mwaka 1846 wakahamishiwa kisiwani pamoja na wagonjwa wa akili na maskini wenye maradhi ya kudumu, wote katika hospitali moja. Mwanzoni sheria haikumlazimisha kila mgonjwa. Halafu mwaka 1889, huko Hawaii, Padri Damien aliyekuwa akiwahudumia wenye ukoma alikufa kwa ugonjwa huohuo, na hofu ikaenea duniani. Sheria ya kuwatenga kwa nguvu ilikuwa imepitishwa Cape tangu 1884, ila ilikuwa imelala. Ikaamshwa 1892. Tangu hapo mtu alichukuliwa kwake akavushwa maji, na idadi ya wagonjwa waliopelekwa kisiwani kwa mwaka ikapanda kutoka makumi hadi mamia. Wanaume walitengwa na wanawake. Mwaka 1931 waliobaki wakapelekwa hospitali ya Westfort, Pretoria, na majengo yao mengi yakachomwa moto au kubomolewa kwa kuogopwa maambukizi.

Lishikeni hilo la mwisho, maana ndilo linalowapotosha waongozaji. Mgeni hushuka akitazamia kuona wodi, vitanda, vyombo. Haoni. Anaona nyasi, upepo na ndege. Mwongozaji asiyejiandaa huona haya kwa uwanja mtupu, akaanza kuujaza kwa visa: vidole vilivyodondoka, mizimu, mapenzi ya siri. Usifanye hivyo. Ule uwanja mtupu ndio ushahidi wenyewe. Simama pale, waambie: hapa palikuwa na majengo, yalichomwa kwa sababu watu waliogopa hata ukuta alioegemea mgonjwa. Halafu nyamaza kidogo. Maneno hayo hayazidi nusu dakika, na yanafanya kazi kuliko kisa chochote.

Lakini mgeni hawezi kuuelewa uwanja ule kama hajauelewa ugonjwa. Kwa hiyo ugonjwa usiuache mpaka mfike makaburini. Ueleze ng'ambo, mkiwa bado mnasubiri chombo, watu wametulia na wanaweza kuuliza. Dakika tano zinatosha ukijua la kusema.

Anza na jina. Huku kwetu wazee walisema matana, vitabu vya dini vinasema jadhamu, hospitali wanasema ukoma. Ni ugonjwa mmoja. Unaletwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari Hansen, Bergen, Norway, mwaka 1873. Husafiri kwa matone ya pua na mdomo, na mtu huhitaji kukaa karibu na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu ndipo apate. Kumpa mkono, kula naye sahani moja, kukaa naye kwenye kiti kimoja cha mashua hakuambukizi. Watu walio wengi miili yao inajikinga yenyewe. Bakteria huyu hukua polepole mno. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya kama miaka 5, na zinaweza kuchelewa hadi 20. Ndiyo maana watu wa zamani walishindwa kujua umetoka wapi, wakasema ni laana, au ni wa ukoo.

Halafu sahihisha hili la vidole, kwa sababu lazima mtu ataliuliza. Vidole havidondoki. Ugonjwa unashambulia mishipa ya fahamu, mkono na mguu vinakufa ganzi. Mtu anashika sufuria ya moto asisikie, anakanyaga msumari asisikie, kidonda kinaoza bila maumivu ya kumwonya, na mfupa unaliwa kidogo kidogo mpaka kidole kinafupika. Ukilieleza hivyo, uso wa msikilizaji unabadilika. Alikuwa anaona kioja, sasa anamwona mpishi aliyeungua bila kujua.

Malizia na dawa. Sasa ni vidonge vya aina tatu vinavyotumiwa pamoja: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye madoa machache hutumia miezi 6, mwenye mengi miezi 12, na Shirika la Afya Duniani huzitoa dawa hizi bure. Tangu mgonjwa aanze kumeza, haichukui muda anakuwa hawezi tena kumwambukiza mtu. Hapa mwongozaji wa Pwani ana la kuongeza, na asiogope kuliongeza: ugonjwa huu haujaisha Kenya, na Pwani umo. Mtu akiwa na doa kwenye ngozi, jeupe kuliko rangi yake au jekundu, haliwashi wala haliumi, na akiguswa pale kwa unyoya wa pamba hasikii kitu, aende hospitali. Doa lisilo na hisia ndilo la kuangalia. Likiwa linawasha, mara nyingi ni jambo jingine.

Swali litakalofuata ni hili: tukigusa mawe ya kule, tutapata? Jibu ni hapana. Bakteria huyu hadumu nje ya mwili wa mtu zaidi ya majuma au miezi, na mgonjwa wa mwisho aliondoka kisiwani 1931.

Sasa safari yenyewe. Chombo huondokea kwenye gati la Nelson Mandela Gateway, pale V&A Waterfront. Mwendo mpaka kisiwani ni kama kilomita 11, na kulingana na chombo na bahari mtatumia kati ya nusu saa na saa nzima. Safari yote, kwenda, kuzunguka na kurudi, ni kama saa tatu na nusu. Tiketi nunueni mapema kabla hamjaondoka nyumbani, na kila mtu awe na pasipoti yake mkononi. Msiweke safari ya kisiwani siku mnayorudi nyumbani, kwa sababu ya upepo. Kule wana upepo wa kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu miezi ya kiangazi chao, yaani kama Novemba hadi Machi, wakati sisi huku tuna kaskazi na bahari imetulia. Mtu wa Lamu huhesabu kwa kalenda yake, akasema Januari bahari ni shwari, akafika akaambiwa vyombo havitoki. Wakati wa baridi yao, Juni hadi Agosti, huja mawimbi makubwa kutoka kaskazini-magharibi, na siku nyingine ukungu. Hakuna mwezi wenye dhamana. Chukueni chombo cha asubuhi, na muwe na siku moja ya akiba.

Bahari ile ni baridi, si kama hii yetu. Mkondo unatoka kusini, na juu ya chombo upepo unapenya hata kama jua linawaka. Kila mtu awe na koti na kitu cha kufunika masikio. Anayechafukwa na bahari ale kitu kikavu saa moja kabla, mkate au biskuti na chai ya rangi, asipande na tumbo tupu wala na pilau. Akae katikati ya chombo kuelekea nyuma, atazame nchi kavu ya mbali, asitazame simu. Manahodha mnacheka, lakini abiria wengi wanaotapika ni wale wanaopiga picha.

Na humohumo chomboni kuna kazi ya mwongozaji ambayo wengi hawaifanyi. Waambie wageni wageuke nyuma watazame mlima na mji. Kutoka kisiwani Cape Town inaonekana kila siku yenye anga safi: mlima, na usiku taa za mji. Kisiwa ni kidogo, urefu wake kama kilomita 3 na upana hazifiki 2, na kilima chake cha juu kabisa, penye mnara wa taa wa mwaka 1865, hakizidi mita 30. Hakuna pa kujificha usiuone mji. Mgonjwa aliyetengwa kule hakutupwa mbali asikoona nchi kavu; aliwekwa mahali anapoiona. Mtu wa Lamu anayesimama gatini akitazama kisiwa cha Manda atalielewa hilo haraka kuliko Mzungu.

Mkifika, mnapandishwa basi pamoja na mwongozaji wa kisiwa, na baadaye mnaingia gerezani ambako mara nyingi anayewaongoza ni mtu aliyewahi kufungwa pale. Heshimuni mpangilio huo. Wewe mgeni huna ruhusa ya kuongoza ndani ya kisiwa cha watu. Lakini kabla basi halijaondoka, mwendee yule mwongozaji kwa adabu umwambie: kikundi changu kingependa kupewa muda penye makaburi ya wenye ukoma. Ukiomba mapema, anaweza kupanga. Ukisubiri mpaka basi limepita, umechelewa, kwa sababu basi lina ratiba na nyuma yake kuna basi jingine. Mara nyingi hamtashuka, litapunguza mwendo tu. Basi wageni wako wawe wamekwisha ambiwa watazame nini: mawe ya makaburi yaliyo wazi, mengine bila jina, na karibu yake kanisa dogo la mawe.

Kanisa hilo, la Mchungaji Mwema, lilijengwa 1895 kwa ajili ya wanaume wenye ukoma. Aliyelichora ni Herbert Baker, yuleyule aliyechora majengo ya serikali Pretoria na Ikulu ya Nairobi. Mtu aliyewachorea watawala nyumba za kutawalia aliwachorea pia waliotengwa nyumba ya kusalia, na ile ya waliotengwa ndiyo ndogo. Waongozaji wa kule husimulia kwamba halikuwekwa viti, kwa kuwa wengine waliletwa wamelala. Likisimuliwa, semeni kwamba limesimuliwa. Majengo ya wagonjwa yameondoka, kanisa limesimama. Nalo ni jambo la kuwafikirisha wageni, hofu iliishia wapi.

Kwenye makaburi pana adabu ambazo mtu wa Pwani anazijua tangu utotoni, lakini ukiwa na kikundi zisemwe tena. Usikanyage kaburi, na kwa kuwa mengine hayana alama, usitoke njiani. Usiegemee jiwe. Usisugue maandishi kwa kitambaa ili yasomeke kwenye picha; jiwe la zamani humomonyoka juu juu, na kila anayesugua huondoka na herufi. Usipige picha ya watu wakicheka mbele yake. Waliolala pale walikuwa wa rangi na dini mbalimbali, kwa hiyo kila mtu na asome lake kimoyomoyo. Kama kuna wanafunzi, mwambie mwalimu wao mapema, asije akaanza kuwapanga mistari pale pale.

Kwa Waislamu kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Karibu kabisa na gereza kuna kramat, kaburi lenye kuba la Sayyid Abdurahman Moturu, aliyeletwa kifungoni kisiwani na Waholanzi akafa 1754. Jengo lake ni la mwaka 1969. Kwetu tungeliita ziara. Ombeni ruhusa, vueni viatu, msikae sana. Linawasaidia wageni kuona kwamba kisiwa kilikuwa mahali pa kutupa watu kabla ya ukoma na kabla ya siasa. Ni bahari hiyohiyo, sababu tu ndizo zilikuwa zikibadilishwa.

Mtaulizwa pia kuhusu mahali pengine pa aina hii, kwa hiyo mjue mawili. Spinalonga, kisiwa kidogo cha Krete, Ugiriki, kilitumika kuanzia mwanzo wa karne ya 20 hadi 1957. Pale majengo yapo, kwa kuwa ni ngome ya Wavenisi ya karne ya 16, na chombo kutoka kijiji cha Plaka ni kama dakika 10. Tatizo la pale ni wingi wa watu, jua kali na ngazi za mawe zinazoteleza. Mabirika ya maji ya mvua yapo, mtu wa Lamu atayafurahia. Pa pili ni Kalaupapa, Hawaii, na hapo ni kinyume: haparuhusiwi kwenda bila kibali, watoto chini ya miaka 16 hawaingii, na kumpiga picha mkazi aliyewahi kuwa mgonjwa bila ridhaa yake iliyoandikwa ni kosa. Kutengwa kwa lazima kuliisha pale 1969, lakini wengine walichagua kubaki. Ulinzi wake haukuwa bahari peke yake, nyuma kuna majabali marefu. Njia ya kushukia ina kona 26, na mwisho wa 2018 maporomoko yalibomoa daraja lake. Asiende mtu bila kuuliza kwanza kama njia iko wazi.

Mazoezi hatuwezi kuyafanya Cape Town. Tutayafanya Takwa, hapo ng'ambo kwenye kisiwa cha Manda. Msinielewe vibaya, Takwa si mahali pa wenye ukoma. Ni mji uliohamwa mwisho wa karne ya 17, na watu wake wakaenda Shela. Tunauchukua kwa sababu ni gofu lisilofikika wakati unaotaka wewe, lina kaburi la mnara lenye kuheshimiwa, lenye tarehe ya mwanzo wa miaka ya 1680, na wenyewe wa Lamu na Shela bado huenda kulizuru na kuomba mvua. Mwongozaji akiweza kuwatuliza wageni Takwa, ataweza popote.

Kosa kubwa la Takwa ni maji. Mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko unaingilika maji yakijaa tu, na kila mwaka wapo wanaopwelewa. Manahodha wanajua bila kitabu, ila waongozaji sikilizeni hesabu. Maji yanachukua kama saa sita kupwa, lakini hayashuki sawasawa. Gawanya kina kizima mafungu 12: saa ya kwanza linashuka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yakiwa yanacheza mita 3, saa ya kwanza unapoteza sentimita 25 tu, mgeni anaona bado mapema. Mwisho wa saa ya pili ni sentimita 75. Mwisho wa saa ya tatu ni mita moja na nusu, na mashua imekaa matopeni. Kwa hiyo ingieni saa moja na nusu kabla ya kujaa, na mashua iwe imegeuza tanga kutoka haijapita saa moja baada ya kujaa. Hiyo inakupa saa mbili na nusu kwa kila kitu: kushuka, kutembea, kueleza, kuzuru, kurudi. Kumbukeni pia kwamba kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Na siku za maji mafu, yaani maji yasiyojaa sana, mwulizeni nahodha kwanza, huenda maji yasitoshe kuingia kabisa.

Ndani ya Takwa, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Asikae mtu juu ya ukuta, na asipande msikitini ili apate picha ya nguzo iliyo juu ya kibla. Jiwe moja likitoka, maji ya mvua yanaingia ndani ya ukuta, chokaa kinaoshwa, na mwaka unaofuata yanatoka mawili. Akija fundi akaziba kwa saruji anazidisha, maana saruji haipumui kama chokaa, unyevu unabaki ndani na jiwe linaoza nyuma yake.

Katika mazoezi kila mwongozaji atapewa dakika tano za kueleza ugonjwa kabla hatujapanda, na dakika mbili penye kaburi. Tutasikiliza mambo mawili: kama amesema mtu aliyeugua ukoma badala ya mkoma, na kama ameweza kunyamaza. La pili ndilo gumu, na wengi wenu mtashindwa mara ya kwanza.

Siku itapangwa na nahodha, si na sisi, akishaangalia mwezi. Mje na viatu visivyoteleza, kofia, maji lita moja na nusu kila mtu, na kila mashua iwe na jaketi za kuokolea kwa idadi ya abiria, watoto wakihesabiwa. Abiria wanahesabiwa dikoni, wanahesabiwa tena kabla ya kutoka Takwa. Anayetaka kuandikisha jina amwone katibu pale mlangoni, na manahodha wabaki kidogo tuzungumze nauli.